Wasomaji Wauliza: Washirika wa Usawa wa Kijinsia, kutoka Nyalenda hadi Isebania

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka magharibi na Bonde la Ufa, na zinalia kilio kimoja: tulikutana, tukakubaliana, tukapigwa picha, kisha hakuna kilichosonga. Tumechagua nane. Majina tumeyaacha, kama ilivyo desturi ya ukurasa huu.

Sisi ni vikundi saba vya wanawake hapa Nyalenda, Kisumu. Juni tulienda kwenye kikao cha umma kuhusu bajeti ya kaunti, tukaomba nyumba ya kuwahifadhi wanawake wanaopigwa. Waliandika kila kitu, wakatushukuru. Bajeti ilipotoka hatukuona hata shilingi. Je, tulidharauliwa?
*Katibu, Nyalenda*

Hamkudharauliwa, Bi Katibu. Mlifika wakati wa kupakua, chungu kilikuwa kimeshaepuliwa. Mwaka wa fedha wa kaunti huanza 1 Julai, na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka tarehe zisizomsubiri mtu. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka hutakiwa kufika bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, na huo ni wa mwaka unaoanza Julai inayofuata, miezi kumi mbele. Kufikia 28 Februari huja mkakati wa fedha, ambao watu wa afisi huuita CFSP, na ndio unaoipa kila idara kiwango chake cha juu. Makadirio yenyewe huwasilishwa kufikia 30 Aprili. Kutoka hapo hata mwakilishi wadi anayewapenda sana hana pa kujigeuzia, kwa kuwa kanuni za fedha za 2015 zinalizuia bunge kuongeza au kupunguza fungu la idara kwa zaidi ya asilimia 1. Mkija Juni, mara nyingi mnaalikwa kutazama sahani.

Kwa hiyo kazi yenu ianze Julai na Agosti. Tafuteni Mpango Jumuishi wa Maendeleo wa kaunti wa 2023 hadi 2027, ule CIDP, msome sehemu ya jinsia na ya huduma za jamii hadi mpate sentensi iliyo karibu na mnachotaka. Ikiwa imesema "vituo vya uokoaji" na nyinyi mmezoea "nyumba salama", andikeni "vituo vya uokoaji". Afisa wa mipango atalinganisha ombi lenu na kitabu hicho, na lisilomo humo huwekwa kando hata kama limemtoa machozi. Mkinyimwa kitabu, andikeni barua chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Afisi ina siku 21 za kujibu, na isipojibu mnakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile ya Ombudsman. Bakini na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri, siku 21 hazina mwanzo.

Ombi lenyewe liwe ukurasa mmoja. Liseme kitu gani, wapi, kiasi gani, kwa bei gani na nani atakiendesha. Hapo penye "wapi" muwe waangalifu, maana Nyalenda si moja. Nyalenda A iko eneo bunge la Kisumu Mashariki, Nyalenda B iko Kisumu ya Kati. Wadi mbili, wawakilishi wawili. Ombi linalosema "Nyalenda" tu humpa kila mmoja wao sababu ya kumwachia mwenzake.

Kisha kuna kosa ambalo limezima vituo vingi kuliko ukosefu wa huruma. Jengo hulipwa na fedha za maendeleo. Mlinzi wa usiku, chakula, mshauri nasaha, stima na maji hulipwa na fedha za matumizi ya kawaida, ambazo ni fungu jingine na hupiganiwa kwingine. Vikundi huomba jengo kwa sababu jengo linaonekana, utepe ukakatwa, halafu mlango unatiwa kufuli kwa kuwa hakuna mshahara wa mtu wa kuufungua. Ombeni vyote viwili katika karatasi moja: vitanda 12, walinzi wawili wa zamu, mpishi mmoja, mshauri mmoja, chakula cha siku 365. Mkiona wamewapa fungu la kwanza bila la pili, rudini Januari, kabla ya viwango vya Februari kufungwa.

Uhamasishaji msiuombe peke yake. Fungu la uhamasishaji lina tabia ya kuishia hotelini.

Mwisho, ulizeni nani anakalia kiti cha wanawake kwenye Jukwaa la Bajeti na Uchumi la Kaunti. Kifungu cha 137 cha sheria ileile kinataka jukwaa hilo liwe na wawakilishi wasio wa serikali, wakiwemo wa wanawake, watu wenye ulemavu, wazee na makundi ya dini. Huenda kiti kina mtu ambaye hamjawahi kumwona Nyalenda. Mwandikieni, mkutane naye, mpeni karatasi yenu. Na saini msiweke za wanawake peke yenu. Tafuteni chama cha bodaboda, maana ndio wanaobeba majeruhi saa nane za usiku, na kikundi cha watu wenye ulemavu.

Nakuru tuko mashirika mawili, vikundi sita, kanisa moja na chama cha wachuuzi wa soko. Tunataka muungano wa kupigania usawa wa kijinsia. Tuusajili? Tufungue akaunti moja?
*Mratibu, Nakuru*

Msikimbilie usajili. Mko kumi sasa. Mkisajili mtakuwa mmezaa mdomo wa kumi na moja, wenye mwenyekiti wake, afisi yake na njaa yake. Isitoshe, Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 imetungiwa watu binafsi, wasiopungua kumi, si mashirika yaliyoungana. Ile ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013, iliyoanza kutumika 14 Mei 2024, inawezekana, lakini ina taarifa za kila mwaka na hesabu za kukaguliwa. Ngojeni mfanye kazi pamoja miezi 12 kwanza, mjue nani hulipa madeni yake.

Kwa sasa mnahitaji hati ya maelewano ya kurasa tatu au nne, kwa Kiswahili, ambayo mwenyekiti wa wachuuzi anaweza kuisoma mwenyewe bila kutafsiriwa. Hati nyingi tunazotumiwa zimejaa maono na dhamira ukurasa mzima, halafu fedha zimepewa mistari miwili. Geuzeni. Dhamira iwe mistari miwili.

Kwenye fedha, chagueni mwanachama mmoja awe mpokeaji, afungue akaunti ya mradi iliyo peke yake, isichanganywe na ya mishahara yake. Watia saini wawe watatu kutoka kwa wanachama watatu tofauti, wawili watoshe kutoa pesa, na mmoja kati ya hao wawili asiwe wa mpokeaji. Taarifa ya benki ifike kwa wote kumi kufikia tarehe 5 ya kila mwezi, iwe kuna kilichotumika au hakuna. Mpokeaji atadai gharama za kuendesha, na ana haki, lakini asilimia yake iandikwe kabla ya shilingi ya kwanza kuingia. Ikijadiliwa baada ya mfadhili kutuma pesa, huo si mjadala tena, ni ugomvi.

Kwenye maamuzi, kila mwanachama awe na kura moja, shirika lenye magari manne sawasawa na kikundi chenye daftari moja. Akidi iwe saba kati ya kumi, na angalau vitatu viwe vile vikundi vya mashinani. Bila kipengele hicho, mashirika mawili, kanisa na nusu ya vikundi watakutana siku ambayo wachuuzi wako sokoni, na uamuzi utakuwa halali. Andikeni pia nani anazungumza na wanahabari, nani anamiliki hema, viti na kompyuta mwanachama akijitoa, na notisi ya kujitoa ni siku ngapi, 30 zinatosha.

Majina ya walionusurika ukatili yasiingie kwenye jedwali linalozungushwa kwa simu. Idadi, wadi na aina ya kisa vinatosha kwa muungano. Jina hubaki kwa anayemhudumia. Hilo linatakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, lakini hata kabla ya sheria lilitakiwa na akili.

Halafu kuna saa ya kikao. Saa tatu asubuhi ni saa ya mtu mwenye mshahara. Mchuuzi wa sukuma wiki wakati huo anauza, na akija amepoteza faida ya siku. Saa nane alasiri, karibu na soko, dakika 90, na mtu aliyelipwa kukaa na watoto kando: weka malipo yake kwenye bajeti kama unavyoweka maji ya kunywa. Muhtasari uandikwe kwa lugha ileile iliyozungumzwa kikaoni. Tumeona kikao cha Kiswahili kikitoa muhtasari wa Kiingereza uliosema mambo ambayo waliokuwapo hawakuyatambua.

Kazi ya kwanza iwe ndogo na imalizike ndani ya siku 90: taa kwenye njia moja ya kutoka sokoni, au vyoo vya wanawake vyenye komeo kwa ndani. Mkishindwa kuleta komeo, mmejua mapema.

Maafisa wanataka posho ndipo waje. Tuwalipe kiasi gani?
*Mweka hazina, Bungoma*

Nauli halisi ya matatu, kwenda na kurudi, kiwango kimoja kwa afisa na kwa mama mboga, na kiandikwe kwenye barua ya mwaliko ili kisijadiliwe mlangoni. Afisa anayekuja kufanya kazi anayolipwa mshahara kuifanya hadai zaidi ya hapo. Akidai, mwandikieni mkuu wake mmwombe mwingine.

Mimi ni mwalimu Kuria, Migori. Tunawalinda wasichana dhidi ya ukeketaji, lakini msimu ukifika wanavushwa hadi Tarime, Tanzania, wanakatwa huko na kurudishwa. Tutashirikiana vipi na watu wa ng'ambo ya mpaka?
*Mwalimu, Kuria Mashariki*

Mwalimu, anza na tofauti ya sheria, kwa sababu ndiyo inayowakwamisha wenzako wa ng'ambo bila wao kusema. Sheria ya Kenya ya 2011 inakataza ukeketaji kwa umri wowote, inamnasa anayempeleka msichana nchi nyingine akakatwe, na inamnasa anayejua asiripoti. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 3 au faini isiyopungua shilingi 200,000, au vyote viwili. Ya Tanzania, iliyoingizwa kwenye kanuni za adhabu mwaka wa 1998, inamlinda aliye chini ya miaka 18. Msichana wa miaka 14 analindwa pande zote mbili. Wa miaka 19 akishavuka Sirari, mji wa mpakani upande wa Tanzania, yuko kwenye pengo. Ndiyo maana uthibitisho wa umri ni silaha. Wekeni nakala ya cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki ya kila msichana aliye hatarini, isiyo nyumbani kwao.

Aprili 2019, mjini Mombasa, Kenya, Tanzania, Uganda, Ethiopia na Somalia zilikubaliana kupambana na ukeketaji wa mipakani. Karatasi ipo. Lakini pale Isebania ushirikiano ni nambari ya simu inayopokelewa, kwa hiyo tengenezeni orodha ya jozi. Chifu wa kwenu aoanishwe na mtendaji wa kata, na naibu wake na mtendaji wa kijiji. Dawati la jinsia la polisi wa Kenya lioanishwe na dawati la jinsia na watoto la polisi wa Tanzania. Afisa wa watoto aoanishwe na afisa ustawi wa jamii. Mwalimu mkuu na mwalimu mkuu. Kila upande wa jozi uwe na majina mawili, kwa sababu maafisa huhamishwa, na orodha ya Januari huwa imekufa kufikia Septemba. Ihakikini kila muhula kwa kupiga, si kwa kuuliza kama bado iko.

Ratiba yenu isifuate ile Siku ya Kimataifa ya 6 Februari. Msimu hufungwa na kufunguliwa na wazee wa inchama, baraza la jadi la Wakuria, na kwa kawaida huangukia likizo ndefu ya Novemba na Desemba. Kutaneni na wa ng'ambo Agosti. Oktoba walimu wakuu wataje, kwa siri, wasichana ambao familia zao zimeanza maandalizi: nguo mpya, wageni, mahindi ya pombe, msichana mwenyewe kuanza kukosa shule. Januari iteni majina darasani siku ya kwanza, mfuatilie asiyerudi wiki hiyohiyo.

Msimvushe mtoto mpaka wenyewe, hata kwa nia njema na kwa pikipiki ya mchungaji. Mtu anayemchukua mtoto wa watu na kumtoa nchini bila idhini anaweza kujikuta yeye ndiye mshtakiwa. Mtoto hukabidhiwa na maafisa wa nchi mbili, mpakani, kwa maandishi.

Na kituo cha kuwahifadhi kiulizwe swali moja kabla ya kuwa mshirika: Januari msichana akirudi nyumbani, nani atamtembelea Februari, Machi na Aprili? Wapo waliookolewa Desemba wakakatwa likizo ya Aprili, wakati magari ya mradi yalikuwa yameshaondoka.

Wasomaji wa Kisii wasiuchukue mpango huu mzima. Kwao wasichana hukatwa wakiwa wadogo zaidi, nyumbani, mara nyingi na mhudumu wa afya, kimyakimya. Hakuna msimu wa kuvizia. Mshirika wa kwanza huko ni wauguzi wenyewe na Baraza la Wauguzi, lenye mamlaka juu ya leseni.

Kaunti yetu ni ndogo. Tukimficha mwanamke hapa, mume anajulishwa kabla ya jioni. Je, kaunti zinaweza kuwa na nyumba salama moja ya pamoja?
*Afisa wa jamii, Vihiga*

Zinaweza. Kifungu cha 189(2) cha Katiba kinaziruhusu serikali za kaunti kuunda kamati na mamlaka za pamoja, na kaunti 14 za ukanda wa ziwa tayari zina umoja wao wa kiuchumi. Ila msingoje wote 14 wakubaliane. Vihiga, Kakamega na Nandi wakiafikiana, watatu wanatosha.

Makubaliano yataje vitanda vya kila kaunti, bei ya kitanda kwa usiku mmoja na nani anaibeba, na kila kaunti iwe na mstari wake wa bajeti wa kulipia. Watu husahau mambo mawili. La kwanza ni nauli ya kurudi mahakamani. Kesi husikizwa kule kosa lilikotendeka, huahirishwa mara nne au tano, na shahidi aliyefichwa kilomita 60 mbali asipoletwa, mshtakiwa huachiliwa. La pili ni shule ya watoto alioandamana nao. Mama hurudi kwa mpigaji si kwa sababu amesamehe, bali muhula umeanza na mtoto hana darasa.

Mimi ni mzee wa ukoo huku Siaya. Vijana wa mashirika wanatuambia sisi wazee ndio tunaowanyang'anya wajane mashamba. Nataka kusaidia, lakini sitaki kutukanwa kwanza. Na wapo wanaosema mambo haya yametoka ng'ambo.
*Mzee, Gem*

Mzee wetu, asante kwa kuandika. Wanaosema yametoka ng'ambo wakumbushe kwamba Kisumu ilikuwa na meya mwanamke, Grace Onyango, mwaka wa 1965, na mwaka wa 1969 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge nchini.

Kifungu cha 159 cha Katiba kinautambua usuluhishi wa wazee, kwa sharti kwamba usivunje haki za msingi. Kwa hiyo mnaweza kusuluhisha mpaka wa shamba. Hamwezi kuamua kwamba mjane hana shamba. Kesi za ubakaji na unajisi si zenu hata kidogo. Kuziondoa kotini ni uamuzi wa mwendesha mashtaka mkuu, na ng'ombe aliyepokelewa habadilishi hilo.

Panapowahitaji hasa ni kwenye hati. Mara nyingi mjane hafukuzwi kwa rungu, hufukuzwa kwa jina: marehemu mumewe alilima miaka 30, lakini hati ya shamba iko kwa jina la baba mkwe aliyefariki zamani. Hapo urithi wa mume hauwezi kufunguliwa kabla ya ule wa baba mkwe, na shemeji mmoja akikataa kutia saini, kila kitu kinasimama. Wazee ndio wanaojua warithi wote wa baba mkwe, hata walio Nairobi na Kampala. Kaeni chini muandike mti wa ukoo huo, wanaume kwa wanawake, walioolewa na wasioolewa, kwa sababu sheria haiwatengi mabinti. Barua ya chifu kwenda mahakamani hutegemea orodha hiyo, na ikimruka binti mmoja, idhini yote inaweza kubatilishwa miaka mingi baadaye, watu wakiwa wameshajenga.

Baada ya kuwasilisha ombi, tangazo huchapishwa kwenye gazeti rasmi na mwenye pingamizi ana siku 30. Idhini ya kusimamia mali ikitoka, kwa kawaida hungojewa miezi 6 ndipo ithibitishwe. Wajane wengi hudhani ile karatasi ya kwanza ndiyo hati, wanaiweka kabatini, na shemeji anajenga. Mwambieni arudi kuithibitisha, kisha aende msajili wa ardhi.

Kuhusu kutukanwa, ombeni kiti kwenye Kamati ya Watumiaji wa Mahakama ya karibu. Humo hukaa hakimu, polisi, waendesha mashtaka, maafisa wa watoto na wa urekebishaji, pamoja na watu wa jamii. Nendeni mzee mmoja na mjane mmoja. Na daftari la vikao vyenu liwe na safu ya saini za wanawake waliokuwapo. Hakimu atakuwa wa kwanza kuitazama.

Kikundi chetu kimechapisha orodha ya huduma kwa waathiriwa wa dhuluma za kijinsia. Tutajuaje kama inafanya kazi?
*Mhudumu wa afya ya jamii, Kisumu*

Pigia kila nambari Jumamosi saa nne usiku. Zitakazopokelewa ndizo zibaki. Nambari ya kitaifa ni 1195, ya watoto 116, na zote mbili hazilipishwi.

Kisha angalieni mpangilio. Orodha nyingi huanza na polisi. Anzeni na hospitali, kwa sababu saa zinahesabika. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi hufaa zikianzwa ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na humezwa siku 28. Za kuzuia mimba ni ndani ya saa 120. Matibabu hayangoji taarifa ya polisi, na anayesema "nenda kwanza ulete P3", ile fomu ya polisi ya majeraha, anakosea. Hospitali hujaza fomu yake ya huduma baada ya ubakaji. P3 hufuata, nayo ni ya bure. Kisumu, hospitali ya rufaa ya Jaramogi ina kitengo cha kuwahudumia.

Gharama ndogo ambayo kikundi chenu kinaweza kuibeba ni mifuko ya kaki. Mwathiriwa asioge wala asifue, na nguo alizovaa zikaushwe kivulini kama zina unyevu, kisha zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, kila nguo na wake, uandikwe tarehe na saini ya aliyeupokea. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu, nguo inaota ukungu na ushahidi unaoza kabla ya kufika maabara. Bandali moja ya kaki ikikaa kwa mama wa nyumba kumi, imeshafanya kazi ya semina.

Mashamba ya maua hapa Naivasha yana wanawake maelfu. Tunataka kampuni zishirikiane nasi dhidi ya unyanyasaji wa kingono. Tuingie na mlango gani?
*Kiongozi wa kikundi, Naivasha*

Mlango wa chama cha wafanyakazi, sio wa meneja wa mahusiano mema. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 6, inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na taarifa ya sera kuhusu unyanyasaji wa kingono, aliyoiandika baada ya kushauriana na wafanyakazi au wawakilishi wao. Ombeni kuiona. Kisha waulizeni wafanyakazi kumi wa zamu ya asubuhi kama wamewahi kuiona wao, na imebandikwa wapi. Ikiwa iko ubaoni katika afisi ya usimamizi, kwa Kiingereza, mmepata hoja ya kwanza.

Chama kinachojadiliana na waajiri wa mashamba kina mkataba wa pamoja unaofanywa upya kila baada ya muda. Jueni unaisha lini, mpeleke vipengele vyenu miezi sita kabla: kamati ya jinsia iliyochaguliwa na wafanyakazi wenyewe, malalamiko yasipelekwe kwa msimamizi wa safu anayelalamikiwa, na basi la zamu ya alfajiri limshushe mfanyakazi getini, si barabara kuu.